Anga Lote Liko Juu ya Thika

Mkazi wa Thika au Ruiru ana mali ambayo tajiri wa London hawezi kuinunua. Mali hiyo ni anga. Miji hii iko umbali wa nyuzi 1 hivi tu kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo katika mwaka mmoja karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini, hupita juu yetu.

Faida yake ilidhihirika mwaka 1987. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari, Ian Shelton wa Kanada, aliyekuwa akifanya kazi nchini Chile, aliona nyota ngeni katika picha aliyoipiga. Akatoka nje, akatazama juu, akaiona kwa macho yake. Ilikuwa supanova, yaani nyota kubwa iliyolipuka ikifa. Tangu 1604 binadamu hawakuwa wameona supanova bila darubini. Wanafalaki wa Ulaya hawakuweza kuiona wakiwa kwao, lakini kutoka Thika ilikuwa juu ya upeo wa kusini.

Nova ni jambo jingine. Hiyo ni nyota ndogo iliyoshindiliwa, inayonyonya gesi ya nyota jirani hadi gesi hiyo inalipuka. Nyota yenyewe haifi, na huweza kulipuka tena. Ile iitwayo T Coronae Borealis ililipuka 1866, kisha 1946. Hesabu hiyo ya miaka 80 ndiyo iliyowafanya wanafalaki wengi kuikodolea macho mwaka 2024. Kundi lake, lenye umbo la nusu duara, huonekana kwetu upande wa kaskazini mwezi wa Julai, mnamo saa tatu usiku.

Nayo nyota yenye mkia si nyota hata kidogo. Ni bonge la barafu na vumbi, na mkia hutokea joto la jua linapoliyeyusha. Watu wa kale waliiogopa wakidhani inaleta njaa na vita. Ile ya Halley ilipita 1986 na itarudi 2061, wakati mtoto anayeanza shule leo atakuwa mzazi.

Je, kazi hii ni ya maprofesa peke yao? La hasha! Kaoru Ikeya wa Japani alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha piano, mwenye umri wa miaka 19, alipogundua nyota yenye mkia Januari 1963 kwa darubini aliyoiunda mwenyewe. Mchungaji Robert Evans wa Australia aligundua supanova zaidi ya 40 kwa kutazama tu. Siri yake ilikuwa kukariri sura ya anga, hata kikizuka kitu kipya akakitambua mara moja, kama mwalimu anavyomtambua mwanafunzi mgeni darasani. Thika nao ni mji wa viwanda. Mbona asitoke Ikeya wetu hapa?

Kikwazo chetu ni mwanga. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamegeuka kuwa majumba ya kupangisha, barabara kuu ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa 2012, na mng'ao wa Nairobi hufifisha nyota za upande wa kusini magharibi. Hatusemi taa zizimwe, maana gizani ndimo wezi wanamojificha. Twasema taa ya ploti ifunikwe juu, imulike chini ambako watu wanapita. Taa inayomulika mawingu haimsaidii mpangaji, na umeme wake unalipiwa.

Wazazi, usiku usio na mbalamwezi wapandisheni watoto kwenye paa la ghorofa lenye ukingo imara, taa zikiwa zimezimwa. Anayeishi Thika na ageukie mashariki, upande wa Kilimambogo, ambako mwanga ni haba. Subirini dakika 20 macho yazoee giza. Mtoto achague kundi moja la nyota, alichore daftarini, na arudie kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Siku nyota ngeni itakapozuka, atakayeijua ni yule aliyekuwa akiwajua wenyeji.