Ningu Hatarudi kwa Ndoo

Kila msimu wa uchaguzi hapa Bunda hujitokeza mtu wa kutuambia kwamba dawa ya Ziwa Victoria kuishiwa samaki ni vifaranga. Wazalishwe kwa wingi, wamwagwe Ghuba ya Speke, kisha tusubiri neema. Mimi nazalisha vifaranga wa sato Guta na kuwauzia wenye mabwawa na vizimba, kwa hiyo ningekuwa wa kwanza kupiga makofi. Mteja akiwa serikali, nani hataki? Sipigi makofi kwa sababu nawajua samaki wangu.

Njoo bwawani asubuhi. Ukikanyaga ukingo tu, maji yanachemka. Wote wanakuja juu midomo wazi, wakidhani umeshika ndoo ya chakula. Kwao kivuli cha mtu ni habari njema. Ndege mnandi analijua hilo kuliko wateja wangu, ndiyo maana mabwawa ya wadogo nimeyafunika kwa wavu. Sato aliyekulia kwenye mafunjo ya ziwani akiona kivuli anazama na kujificha. Wa kwangu anakisogelea.

Halafu kuna ubabe. Chakula kikirushwa, anayewagonga wenzake pembeni ndiye anayeshiba, na anayeshiba ndiye anayenenepa haraka. Wakati wa kuchagua wazazi ninamchukua huyo huyo. Kwa biashara ya bwawa hilo halina ubaya wowote, kwani bwawani hakuna sangara wa kumwadhibu mwenye papara. Ila nikiwachagua hivyo kizazi baada ya kizazi, nitakuwa nimeumba samaki wa ndoo, na kumpeleka huyo ziwani ni kumlisha sangara kwa fedha za walipa kodi.

Wenzetu wa Marekani wamelipia somo hili kwa gharama kubwa. Kwenye mito ya pwani ya magharibi wamekuwa wakizalisha samoni kwenye matanki tangu karne ya 19 na kuwamwaga mtoni kwa mamilioni. Katika Mto Hood, jimbo la Oregon, wanasayansi walifuatilia nasaba za trauti wanaokwenda baharini na kurudi mtoni kuzaa, ndugu wa karibu wa samoni. Mwaka 2007 Hitoshi Araki na wenzake walichapisha matokeo: kwa kila kizazi kinacholelewa kwenye tanki, uwezo wa samaki hao kuacha uzao porini ulishuka kwa takribani asilimia 40. Mwaka 2016 kundi lingine lilionyesha kwamba kizazi kimoja tu cha tanki kinatosha kubadilisha utendaji wa mamia ya jeni, nyingi zikihusu kinga ya mwili, uponaji wa vidonda na matumizi ya chakula mwilini. Watafiti walihisi sababu ni msongamano. Anayefaulu tankini ni yule anayevumilia kubanana, na mtoni sifa hiyo haimsaidii.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, kwa kuwa dawa yake ni rahisi. Watoto wa trauti wa aina hiyo waliolelewa kwenye matanki yaliyowekwa mawe walikuwa na sehemu kubwa zaidi ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili kuliko wenzao wa tanki tupu. Mawe tu! Wazalishaji wenzangu wanaosugua matanki mpaka yang'ae wangelitafakari hilo.

Kwa nini nawaletea habari za samoni? Kwa sababu na sisi tunaye samaki wa safari. Ningu huishi ziwani, lakini mvua kubwa zikinyesha na mito kufurika hupanda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji, kisha hurudi ziwani. Mzee mmoja jirani yangu, mvuvi tangu utotoni, husimulia jinsi ningu walivyokuwa wakipanda Mto Rubana kwa makundi. Hapa mtoni walivuliwa bila taabu, na ndipo walipomalizwa. Ukitega nyavu mdomoni mwa mto wakati wa mafuriko unakamata majike yenye mayai tumboni, na mwaka unaofuata unashangaa. Upande wa Kenya, uvuvi wa ningu ulikuwa umeshaporomoka kabla sangara hajaenea, kwa hiyo tusimbebeshe sangara lawama zote. Leo ningu amo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Kumzalisha inawezekana. Justus Rutaisire na Anthony Booth walichapisha mwaka 2004 namna ya kumchochea ningu atage akiwa kifungoni na kuangua mayai yake. Kwa hiyo utaalamu upo Afrika Mashariki, na nina hakika siku moja mtu atasimama Bunda na ndoo ya vifaranga wa ningu, kamera zikiwa tayari. Swali langu kwake litakuwa moja: unawamwaga waende wapi? Kwenye nyavu za timba na makokoro yale yale?

Tuna mfano wa nyumbani wa kuigwa. Vyura wa Kihansi walipoanza kwisha baada ya bwawa la umeme kupunguza maji ya maporomoko, karibu 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000 na kuzalishwa huko. Lakini bondeni nako kulitandazwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kurudisha ule ukungu waliouzoea. Vyura wa kwanza walirudishwa mwaka 2012, na hata hivyo kazi haijawa rahisi. Kama chura aliyetengenezewa mvua anapata taabu, ningu anayekutana na wavu wa kilomita nzima ana matumaini gani?

Kwa hiyo nikiulizwa na Halmashauri, nitajibu hivi. Fedha za kwanza ziende kwenye midomo ya Rubana, Grumeti na Mbalageti. Pasiwe na wavu hapo mvua za masika zinapojaza mito, na vikundi vya usimamizi wa uvuvi ufukweni (BMU) vipewe mafuta ya boti ya kulinda, siyo fulana. Serikali imeamua kuifikisha Hifadhi ya Serengeti mpaka ziwani kupitia kata ya Nyatwali, na watu wameacha makaburi ya wazazi wao kwa uamuzi huo. Basi maji ya ufukwe huo nayo yahesabiwe kuwa mazalia ya samaki, ili kuhama kwao kuzae kitu zaidi ya njia ya tembo.

Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) wakiona bado kuna haja ya kuzalisha ningu, wazazi wachukuliwe mtoni upya kila mwaka, matanki yawe na mawe, majani na maji yanayokwenda, na vifaranga waachiwe mapema, juu mtoni, kabla hawajajifunza kupenda ndoo. Na vifaranga wangu wa sato wabaki kwenye mabwawa ya wafugaji. Atakayekuja Guta kuwanunua ili awamwage ziwani mbele ya wapiga kura, simuuzii hata mmoja.