"Utazoea tu": hapana, hatutazoea

Vijana wenzetu wa Goma, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi analijua neno hilo. Umemfunika mgonjwa wa kwanza kufa mbele yako, mikono bado inatetemeka, mkubwa mmoja anakugonga bega: "Utazoea tu. Kama hauwezi, rudia kwenu." Na mambo yanaishia hapo.

Tuseme wazi. Kuna vitu mtu anapaswa kuzoea kweli: harufu ya damu, kuamka saa kumi ya usiku, kukariri anatomia mpaka kichwa kiume. Hiyo ni kazi yenyewe, na wenye waliichagua hawaombi huruma. Lakini wanaambiwa wazoee njaa pia. Minervali imelipwa na dola zenye mama alikopa sokoni. Kisha inakuja silabusi ya lazima, bluzi nyeupe, pesa ya staji. Mtoto anatoka Ndosho kwa miguu kwa sababu pesa ya moto haiko. Akisinzia darasani wanasema hana wito!

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia mjini, hospitali zilijaa majeruhi. Banki zikafungwa, na akiba ya familia ikabaki ndani. Wengi kati ya walioanza masomo kisha hapo walikimbia mabomu wao wenyewe, wengine walizika ndugu. Leo wanasimamishwa mbele ya kidonda cha risasi. Nani aliwauliza kama wanapata usingizi?

Hatuwachukii wauguzi wakubwa. Wengi wao wanaishi kwa kaprime tu, mshahara wa Serikali hawaujui, na wao pia waliambiwa watazoea. Ndivyo ukali unarithiwa, toka chumba cha wagonjwa hadi kingine.

Tunadai msimamizi awe karibu na kitanda, haiko ofisini, siku mwanafunzi anakutana na kifo cha kwanza. Tunadai pesa ya staji iondolewe: tangu lini mtu analipa ili afanye kazi? Na tunadai kila taasisi iweke mtu wa kusikiliza wanafunzi, mtu ambaye hawapatii pointi, ili kusema "nimechoka" kusigeuke kukosa mtihani.

Wewe mwenye uko mwaka wa kwanza, usilie peke yako chooni. Tafuta wenzako watano, andikeni yenye mliona, mtuletee. Mkuu yeyote mwenye atasema pesa haiko, atuonyeshe kwanza ile ya silabusi inaenda wapi. Tutakuja kumuuliza mchana, tukivaa bluzi nyeupe.