Kikombe Nacho Kinakunywa Joto
Juzi jioni, Ngamiani, Tanga, nilimkuta binti wa jirani akihangaika na swali la kemia: gramu 200 za maji ya nyuzijoto 90 zikichanganywa na gramu 200 za nyuzijoto 30, mchanganyiko utatulia wapi? Alijua kwamba joto linalopotea huku ndilo linalopokelewa kule, na kwamba kila gramu ya maji hutaka takriban jouli 4.2 ili ipande nyuzijoto moja. Akapata 60, akafurahi, kisha akaniuliza: na kikombe je, hakikunywa joto? Kwa udadisi huo nikamkumbuka Erasto Mpemba, naye mtu wa kuuliza. Mwaka 1963, kule Magamba, Lushoto, mkoani kwetu humu, alikuwa mwanafunzi akitengeneza aiskrimu ya maziwa. Nafasi ya kwenye friza ilikuwa ya kugombania, naye hakungoja maziwa yapoe. Akayatia yakiwa moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, mpaka alipomuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, huku wenzake wakimcheka. Osborne akaenda kulipima jambo hilo, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini, na mimi naona ubishi huo ni heshima kubwa kwa kijana wa sekondari. Swali la kikombe nasi hatujalifunga. Binti ameahidi kuazima kipimajoto shuleni, tupime kikombe cha bati na cha plastiki.