Safu Haikodishwi

Nianze na neno, maana hiki ni kijiwe cha wapenda maneno. Mamluki. Ukilisikia kwenye taarifa ya habari, ni askari wa kukodiwa anayepigana vita visivyo vyake. Ukilisikia pembeni mwa uwanja wa shule, Tarime au Mugumu, msimu wa UMISSETA unapokaribia, ni mtoto. Ni kijana aliyeletwa kwa bodaboda kutoka shule nyingine, kata nyingine, wakati mwingine nchi nyingine, avae jezi ya shule ambayo hajui hata choo chake kiko upande gani. Watu wanamnyooshea kidole: "Yule mamluki!" Wanacheka. Mechi inaendelea.

Neno lenyewe limetoka Kiarabuni. Mamluk ni mtu anayemilikiwa, yaani mtumwa, na mzizi huohuo ndio uliotupa miliki na milki. Mamluki wa historia walikuwa watumwa waliofundishwa vita, wakaja kuigeuza meza na kuitawala Misri kuanzia mwaka 1250 hadi 1517. Wa kwetu hawatawali kitu. Wanapewa soda, nauli ya kurudi, na ahadi.

Kinachonikera ni hiki: Kiswahili chetu cha uwanjani kimemtaja anayemilikiwa na kumsahau anayemiliki. Nyuma ya kila mamluki kuna mtu mzima aliyepiga simu, kuna mtu mzima aliyetoa nauli, na kuna mtu mzima aliyejaza fomu. Hao hatuna neno la kuwazomea. Hao tunawaita "wadau".

Nasema wazi, na anayetaka kunipinga anipinge: umamluki katika mpira wa shule za Tarime na Serengeti hautuletei hata hicho tunachodai kinatuletea, yaani magoli. Na hata kama ungetuletea, bei yake analipa mtoto.

Tuanze na magoli. Kila mwaka wimbo ni uleule. Timu ya shule inacheza mechi tatu ngazi ya kata, inafunga goli moja, tena la penalti. Jioni walimu na wazee wa mpira wanakaa. Hoja inayotolewa ni moja tu: "Hatuna straika." Basi anatafutwa straika. Kwa Tarime kazi hiyo ni rahisi mno, maana mpaka wa Sirari na Isebania ni mstari kwenye ramani tu. Ukoo mmoja una mji huku na mji kule, Kikurya ni kimoja, na kijana wa upande wa Kenya anaweza kusalimia wazee wa upande huu bila kukosea hata neno. Anakuja Jumanne. Alhamisi anacheza.

Na Alhamisi hiyo, jamani, nimemtazama mara nyingi. Anasimama kule mbele peke yake kama mlingoti. Anainua mkono, mpira hauji. Ukija, unakuja mgongoni. Anapenda mguu wa kushoto, kiungo anampa wa kulia. Anakimbilia nguzo ya karibu, krosi inakwenda ya mbali. Dakika ya 70 anaanza kugombana na watu ambao hajui majina yao. Watazamaji wanasema amekula hela za bure.

Hajala hela za bure. Amekufa njaa tu. Goli ni tunda la mwisho la kazi ndefu: beki wa pembeni anayejua lini apande, namba sita anayejua nani anapanda akapoe nafasi yake, kiungo anayejua bila kutazama kwamba mwenzake atakuwa pale. Kujuana huko hakuji kwa siku mbili. Kunakuja kwa kucheza pamoja tangu kidato cha kwanza, kwa kugombana, kupatana, kutembea wote kurudi nyumbani jioni na miguu yenye vumbi. Wakurya wana esaro, rika la waliotahiriwa msimu mmoja, na mtu wa esaro yako humkodishi popote. Safu ya timu ni hivyohivyo. Hakuna bodaboda inayoweza kukuletea safu.

Naomba niwapeleke mbali kidogo, Marekani, kwenye ule mpira wao wa kofia ngumu na mabega yaliyovimbishwa, maana wenzetu wameligeuza jambo hili kuwa maabara. Katika mchezo ule kuna wanaume watano wakubwa wanaosimama mstari wa mbele timu yao inaposhambulia. Mmoja wao huanzisha mpira kwa kuupitisha nyuma katikati ya miguu yake. Wanne waliobaki wanaweza kumaliza mechi nzima bila kuushika. Kazi yao ni kumlinda mrusha mpira asiangushwe, na kumfungulia njia anayekimbia nao. Wakifanya vizuri hakuna anayewataja. Mmoja akikosea hatua, mrusha mpira anayeimbwa nchi nzima analala chini akitazama mawingu.

Sasa sikia. Mwaka 2018 chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vyao, NCAA, kilifungua orodha rasmi ambamo mwanafunzi anayetaka kuhama chuo anaingizwa jina, na vyuo vingine vinaruhusiwa kumtafuta. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama mara ya kwanza bila kukaa nje msimu mzima kama zamani, na mwaka huohuo wakaruhusiwa kuingiza fedha kwa majina na sura zao. Milango ikawa wazi. Vyuo vyenye pesa vikanunua warushaji na wakimbiaji. Kisha vikagundua kile ambacho fundi yeyote wa ukuta angewaambia: mstari wa watano hauzibwi kwa tofali zilizookotwa tofauti tofauti. Watano wale lazima wasikie pumzi za wenzao. Chuo kinaweza kununua wanaume watano wazuri kila mmoja peke yake, na bado mrusha mpira wake akashinda anapigwa mweleka.

Lakini angalau kijana yule wa Marekani anahama kwa jina lake. Wa kwetu anahama bila hata hilo.

Hapa ndipo nataka wasomaji wa fasihi mnisikilize vizuri. Mamluki wa shule hachezi kwa jina lake. Anacheza kwa jina la mwanafunzi aliyesajiliwa, mara nyingi mtoto ambaye siku hiyo amekaa kwenye nyasi nyuma ya goli akitazama jina lake likikimbia. Mamluki akifunga, goli linaandikwa kwa yule mwingine. Akiumia goti, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba aliwahi kuwa pale. Nyie mnaokasirika, na mna haki, mtu akichukua shairi lenu na kuliweka mtandaoni kwa jina lake, mbona hili halijawahi kuwakasirisha? Huyu ameibiwa kazi ya miguu yake. Na yule wa kwenye nyasi ameibiwa jina lake na nafasi yake kwa mpigo mmoja. Watoto wawili wameharibiwa ili mtu mzima mmoja apate kikombe cha bati.

Wamarekani nao wana somo lao la jina. Mwaka 2006 Michael Lewis alitoa kitabu The Blind Side, kuhusu kijana maskini wa safu ile ya watano, Michael Oher, aliyepokewa na familia tajiri ya Memphis. Filamu ikafuata mwaka 2009, watu wakalia machozi ya wema. Mwaka 2023 Oher mwenyewe akaenda mahakamani Tennessee akisema hakuwahi kuasiliwa kama mtoto wa familia ile. Aliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria uliowapa wengine mamlaka ya kuamua mambo yake. Familia ilikana kumnyonya. Lakini mwaka huohuo hakimu akaufuta usimamizi ule. Tazameni jinsi simulizi tamu ya mtoto aliyesaidiwa ilivyosomwa na mamilioni kabla ya mtu kumuuliza mtoto mwenyewe imekaaje. Sisi hatujaandika hata hiyo tamu.

Na msidhani haya yanaishia kwenye kata. Serengeti imeipa timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 jina lake: Serengeti Boys. Mwaka 2005 timu hiyo ilifuzu fainali za Afrika, ikaondolewa kwa suala la umri wa mchezaji. Karatasi ilisema hivi, ukweli ukasema vile. Mwaka 2017 tulikwenda Gabon kwa mlango wa nyuma, Kongo Brazzaville ilipoondolewa kwa kushindwa kumpeleka mchezaji wake apimwe umri. Tulishangilia. Sikumbuki tukijiuliza ugonjwa ule tunaujua kutoka wapi.

Kisha mwaka 2019 fainali zikaja nyumbani, Dar es Salaam. Nigeria wakatufunga 5–4, Uganda 3–0, Angola 4–2. Jumlisheni wenyewe: tulifunga magoli 6 katika mechi tatu, tukafungwa 12. Timu inayowafunga Nigeria magoli manne na bado inapoteza haina shida ya straika! Ina shida ya safu. Vijiweni watu wakaendelea kuuliza nani atatufungia.

Mkoa wa Mara wenyewe umelipa ada ya somo hili. Biashara United walipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na msimu wa 2020/21 wakamaliza nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Timu ya Musoma! Mwaka huohuo wa 2021 kocha Francis Baraza akaenda Kagera Sugar. Oktoba wakaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2–0 katika Kombe la Shirikisho Afrika, safari ya marudiano ikashindikana, wakaondolewa mashindanoni bila kufungwa. Msimu ulipoisha mwaka 2022, walikuwa wameshuka daraja. Hao si mamluki. Ni watu wa mikataba, na kuhama ni haki yao. Ninachosema ni kwamba magoli mawili ya Dar es Salaam yalikuwepo, yamefungwa, yako kwenye kumbukumbu. Kilichokosekana ni kilicho nyuma ya magoli. Safu inaanzia kwa anayekata tiketi.

Sasa najua kuna mwenye jibu tayari. "Mwalimu, wewe unaongea ukiwa umeshiba. Huyo kijana mpira ndio njia yake ya kutoka." Sawa. Na mimi sipingi kijana kuhama shule kwa ajili ya mpira. Ahame. Lakini kuhama kuna alama zake: jina lake lipo kwenye rejista, ana kitanda au ana nyumba ya kulala, ana kiti darasani, na Novemba ya kidato cha nne ikifika ana namba ya mtihani. Tangu Januari 2016 sekondari za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada, kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba alimleta mtoto "kumsomesha" wiki mbili kabla ya mashindano na kumrudisha wiki moja baada ya kutolewa. Hiyo si elimu. Hiyo ni kukodisha.

Kuna jibu la pili: "Wote wanafanya." Ndiyo maana wote hawafungi.

Dawa si ngumu, ila inawauma wakubwa. Mtoto ambaye hakuwa darasani Januari asiwe uwanjani mwezi wa sita. Kila anayesajiliwa shule ya msingi hupewa namba ya Prem inayomfuata kama kivuli. Ilinganishwe na uso wake mbele ya wapinzani, kabla ya filimbi, si baada ya rufaa. Ikigundulika ni mamluki, afungiwe mtu mzima aliyesaini fomu, kwa jina lake kamili, na mtoto arudishwe shuleni kwake salama, kwa nauli ya huyo aliyesaini. Leo tunafanya kinyume: timu inatolewa, watoto wote wanalia, mdau anawasha gari.

Na sisi tunaoandika tuna kazi yetu. Cha kuazima hakistiri maungo, walisema wahenga, lakini kwa miaka yote tumekuwa tukimcheka aliyeazimwa. Hebu tuanze kutumia lugha vizuri. Kuna mkodishaji, kuna mkodishwaji. Kuna mwenye fomu. Ukiandika habari ya mechi ya Nyamongo na Sirari, au ya Mugumu na Nata, usiishie kwa mfungaji. Muulize beki wa kushoto amecheza na wenzake miaka mingapi. Ukiandika hadithi fupi, mpe nafasi yule mtoto wa kwenye nyasi. Ana mengi ya kusema, na bado hajaitwa kwa jina lake.