Miwani Yako na Miguu ya Mtoto

Jana kwenye grupu ya kanisa mtu alimwandikia mama anayechangisha pesa za upasuaji wa mtoto wake: "Dada, imani yako imepungua." Nimesoma mara tatu. Nimekasirika, na sitaficha.

Mtoto ana mtindio wa ubongo. Misuli ya miguu imekaza, magoti yanagongana, usiku analia. Huko St. Louis, Marekani, upasuaji huu unafanywa. Wanafungua mgongo upande wa chini, wanapima nyuzi za neva za hisia kwa umeme, na zile zinazofanya misuli ikaze wanazikata. Ubongo wenyewe hauponi, na si kila mtoto anafaa. Halafu kuna miezi mingi ya mazoezi. Mama anajua hayo yote. Wewe ulijua?

Soma Marko 2. Wale wanne walitoboa dari la nyumba ya mtu ili mgonjwa wao afike. Yesu hakuwauliza kwa nini hawakubaki kwao wakiomba. Na Luka, aliyesafiri na Paulo, alikuwa daktari.

Ulimwandikia maneno hayo ukiwa umevaa miwani, mpendwa. (Dawa za presha sitazitaja.)

Mimi pia nina deni. Nilimwombea mtoto huyu madhabahuni, mkapiga makofi, nikaenda kula. Mama alirudi nyumbani kwa miguu, mtoto mgongoni.

Jumapili, baada ya ibada ya pili, tunachanga. Wewe uliyeandika, njoo mapema umwombe mama msamaha, kisha tutaomba pamoja.