Waacheni Wasome Riwaya za Mapenzi

Kila ninapoalikwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili, swali moja hunifuata kama kivuli. Huulizwa na mwalimu mwenye nia njema, aghalabu mwishoni mwa kikao, kwa sauti ya mtu anayetafuta kuungwa mkono: tufanyeje na wanafunzi wanaosoma riwaya za mapenzi chini ya dawati, ilhali vitabu vilivyoteuliwa kwa mtihani hawataki hata kuvifungua? Mwalimu huyo hutarajia nimpe dawa ya ugonjwa. Mimi nashikilia kwamba hapana ugonjwa hapo. Palipo na mwanafunzi aliye tayari kuadhibiwa kwa ajili ya kitabu, sehemu ngumu kuliko zote ya kazi ya mwalimu wa lugha imekwisha kufanyika, tena bila malipo.

Nasema haya nikiufikiria mtaa wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, nilikokulia. Msomaji wa pwani au wa Nairobi huenda asijue kwamba Kiswahili huko ni lugha ya kila mtu na si lugha ya mama ya karibu mtu yeyote. Jirani wa kulia husema Kiborana, wa kushoto Kisomali, wa nyuma Kimeru au Kiturkana, na Msamburu hupita na mbuzi wake akielekea mnadani. Jina la mtaa lenyewe ni ndoa ya lugha: bulla ni neno la makazi au mtaa katika miji ya kaskazini, na pesa ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi likapokewa na Kiswahili kabla ya kupanda lori kuja kwetu.

Lakini Kiswahili tulichokuta mtaani kilikuwa Kiswahili cha aina gani? Kilikuwa cha bei na cha amri. Sokoni tuliambiwa "ongeza kidogo" na "punguza kidogo". Kizuizini, barabarani, wazee wetu waliambiwa "leta kitambulisho" na "kaa chini". Ni lugha iliyotosha kuuzia maziwa ya ngamia na kuepukia kulala korokoroni. Hakuna aliyeitumia kumwambia mwenziwe kwamba amemkosa usiku kucha. Mambo hayo yalisemwa nyumbani, kila kabila kwa lugha yake, au hayakusemwa kabisa.

Kwa mwanaisimu jambo hili si dogo. Chukua kiambishi kimoja tu, kile cha kutendana. Mtoto wa mtaa wetu alikijua mapema mno katika vitenzi kama kupigana, kugombana, kutukanana na kushtakiana. Mimi mwenyewe sikumbuki kulisikia neno kuelewana likisemwa kwa utulivu mtaani kabla sijalisoma. Au chukua hali ya masharti, ile ya -nge- na -ngali-. Sokoni haina kazi kubwa, kwani hakuna muuzaji anayejali ungalinunua nini kama ungalikuwa tajiri. Katika riwaya ya mapenzi, kinyume chake, hali hiyo ndiyo roho ya kisa. Laiti barua ingalifika, laiti baba asingalikataa, laiti ningalisema siku ile. Sarufi ambayo mwalimu huifundisha kwa muhula mzima kwa chaki na jasho, kijana huinywa kwa usiku mmoja kwa sababu anataka kujua kama wale wawili watakutana tena.

Riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora ilitoka mwaka 1996, nami wakati huo nilikuwa kijana wa shule. Nakala niliyoisoma ilikuwa imevikwa gazeti kuukuu, kurasa za mwanzo zimelegea kwa kupita mikono mingi, na aliyeniazima alinipa siku mbili tu kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Kisa kinamhusu Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anayefunga safari kuja Kenya kumtafuta baba yake. Kuna mengi ndani yake: umaskini, dhuluma, safari, elimu. Lakini tuseme ukweli, walimu wenzangu. Sisi vijana wa Bulla Pesa hatukukesha na koroboi kwa ajili ya maudhui ya elimu. Tulikesha kwa sababu ya mapenzi: ya mtoto na mzazi, na ya kijana na msichana. Walibora alituaga mwezi wa Aprili 2020, na katika siku zile za maombolezo watu wazima, madaktari na madereva miongoni mwao, walikumbuka kitabu hicho kama mtu anavyomkumbuka rafiki wa utotoni. Sidhani kuna kitabu cha mazoezi ya sarufi kitakachoombolezwa hivyo.

Wapo wanaodai kwamba mapenzi ya vitabuni ni mambo ya kigeni, yaliyoletwa na vile vijitabu vya Mills & Boon vilivyoenea katika mabweni yetu. Dai hili haliwezi kusimama, hasa Isiolo. Wasomali wengi wa mji huu ni uzao wa askari waliotoka eneo lililotawaliwa na Waingereza kule Somalia, wakapewa makazi hapa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kwao, kisa cha Cilmi Boodhari, mwoka mikate wa Berbera aliyempenda Hodan akamtungia mashairi, na ambaye watu husema aliuawa na mapenzi hayo, ni kisa cha nyumbani. Mshairi wa Kiajemi Nizami aliandika habari za Layla na Majnun mwaka 1188, naye alizikuta zimekwisha zagaa miongoni mwa Waarabu. Mtu aliyelelewa katika jamii ya Kiislamu haihitaji London imfundishe kwamba mapenzi ni jambo la kusimuliwa.

Dai la pili ni zito zaidi, nalo ni la maadili. Simdharau mzazi anayeogopa. Hata hivyo, historia ya vitabu vilivyopigwa marufuku kwa jina la maadili inastahili kuangaliwa kwa makini. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ilizuiwa katika shule za Tanzania kwa muda kabla ya kuruhusiwa. Na kitabu hicho chasema nini? Chamweleza binti wa baba mkali, Zakaria, anayemwadhibu vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukali huo haumwokoi Rosa. Anapofika mbali na jicho la baba hana ujuzi wowote wa kujilinda, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyethubutu kuzungumza naye juu ya mambo hayo. Yaani riwaya iliyofungiwa kwa kuogopwa kupotosha mabinti ilikuwa ikiwaonya wazazi juu ya hatari ya kufungia. Nimewahi kuwaza kwamba baadhi ya waliolaani kitabu kile hawakufika ukurasa wa mwisho.

Kaskazini mwa Nigeria mambo yalikwenda mbali zaidi. Katika mji wa Kano, tangu miaka ya 1980 ilipokuwa ikielekea ukingoni, zilichipuka riwaya nyembamba za mapenzi kwa lugha ya Kihausa, nyingi zikiandikwa na wanawake na kuuzwa sokoni pamoja na sabuni na viatu. Mwaka 2007 vitabu vya aina hiyo vilichomwa moto hadharani mbele ya wanafunzi wa kike, gavana mwenyewe akishiriki. Mmoja wa waandishi wa kundi hilo ni Balaraba Ramat Yakubu, aliyeozwa akiwa bado mtoto, ndoa ikavunjika, akajifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima. Riwaya yake moja ina jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Nani Atamwoa Asiyesoma? Hebu tulitafakari jina hilo. Riwaya ya mapenzi inayowafanyia wasichana kampeni ya kwenda shule, ndiyo inayosemekana kuwaharibu!

Uhusiano huu wa kupenda na kusoma hausemwi wazi popote kama katika riwaya ya Msomali Faarax M. J. Cawl ya mwaka 1974. Lugha ya Kisomali ilipata maandishi rasmi mwaka 1972, na miaka miwili tu baadaye kikatokea kitabu hiki, miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za lugha hiyo. (Herufi c katika jina la mwandishi ni ile ain ya Kiarabu, nayo x ni ha nzito, wanafunzi wa Isiolo hawana haja ya kuelezwa.) Jina la kitabu, likifasiriwa, ni Ujinga ni Adui wa Mapenzi. Ni kisa cha Cawrala na Calimaax katika zama za vita vya Madarwishi. Cawrala anajua kuandika, naye anampelekea mpenziwe barua. Calimaax ni shujaa wa vita, lakini hajui kusoma. Maneno aliyoandikiwa yeye peke yake yanalazimika kupita katika kinywa cha mtu mwingine ndipo yamfikie. Waziri gani wa elimu amewahi kutoa hoja kali kuliko hiyo ya kuwataka watu wajue kusoma? Serikali ya Somalia wakati ule ilikuwa katika kampeni kubwa ya kufuta ujinga, na mwandishi aliona kwamba mtu hatajifunza herufi kwa sababu ya ripoti ya kilimo. Atajifunza ili barua yake asisomewe na jirani.

Turudi basi darasani, maana hapo ndipo lilipo tatizo halisi. Kitabu kizuri cha mapenzi kikishateuliwa kwa karatasi ya tatu ya Kiswahili, tunakiua. Wanafunzi hununuliwa miongozo kabla ya kukisoma kitabu chenyewe. Huambiwa wakariri hoja tano za maudhui ya mapenzi, kila hoja na mfano wake, na wengi huingia katika chumba cha mtihani wakiwa hawajasoma hata sura moja kwa raha. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, ina Maimuna aliyefungiwa ndani na babaye, Maksuudi, mtu wa heshima mbele ya watu na mwenye maisha mengine gizani. Nimewasikia wasichana wa Isiolo wakibishana juu ya Maimuna nje ya darasa kwa ukali ambao hautapatikana katika jibu lolote la alama ishirini, kwa sababu wao wanawajua akina Maksuudi kwa sura. Ndani ya darasa, wasichana hao hao waliniorodheshea sifa za wahusika kama wanaohesabu magunia.

Na kuna jambo jingine ambalo Kaunti ya Isiolo inalijua kwa uchungu. Mapigano ya kikabila ya mwaka 2011 na 2012 yaliwafanya watoto waliosoma pamoja waogope kupita mtaa wa wenzao. Katika mazingira kama hayo, riwaya kama Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, si burudani tu. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, anaozwa mwanamume mzee aitwaye Raza, anatoroka, na hatimaye moyo wake unamwangukia Denge, Mwafrika anayepigania uhuru. Kisa hicho kilifanywa filamu mwaka 2021 na Amil Shivji. Kijana wa Kimeru na kijana wa Kiborana wakikisoma pamoja, wanajadili jambo ambalo mitaani kwao halijadiliki bila rungu kuinuliwa: je, mtu aweza kumpenda asiye wa kwao, na akimpenda, ni nani mwenye haki ya kumkataza? Wanalijadili kwa mfano wa Unguja ya miaka ya 1950, na kwa lugha ambayo si ya mzee wa upande wowote. Umbali huo ndio unaowapa uhuru wa kusema.

Sidai kwamba kila riwaya ya mapenzi ni nzuri. Zipo mbovu, zilizoandikwa kwa pupa, ambamo wahusika hulia kila ukurasa wa tatu. Lakini anayesoma mbovu kumi hujifunza kuitambua nzuri, na asiyesoma yoyote hatambui kitu. Tena vitabu si rahisi kupatikana. Sheria ya kodi ya mwaka 2013 iliviongezea vitabu ushuru wa asilimia 16, na katika mji kama Isiolo, ambako duka la vitabu ni duka la madaftari na kalamu, riwaya moja hushindana na unga.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu ni dogo na lawezekana juma hili hili. Ukikikuta kitabu chini ya dawati, usikirarue wala usikipeleke kwa naibu wa mwalimu mkuu. Muulize mwenyewe amefika wapi. Mwazime kingine atakapomaliza. Tenga kipindi kimoja kwa juma ambamo sura inasomwa kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, bila swali, bila daftari, na kengele ikilia kabla kisa hakijafika mahali pa kupumzika, waache wakae na hamu yao hadi juma lijalo. Nanyi wanafunzi wa Bulla Pesa, mnaoniandikia mkiomba orodha ya vitabu, nimewatajia vitatu vinne hapo juu. Ninachowaomba nacho ni kwamba mmoja wenu aanze kuandika cha kwetu, chenye mnada wa mbuzi, adhana ya alfajiri, magari ya miraa yakipita kwa kasi kutoka Meru, na watu wawili wasioweza kulala.