MIFUGO YETU: Majani Yamsaidiayo Kondoo, na Kipimo Chake

Mvua ikinyesha siku nyingi juu ya milima ya Kivu, nyasi hustawi na mwenye kondoo hufurahi. Lakini mara nyingi ni katika wakati huo huo wa shibe wana-kondoo hudhoofika na kufa. Hasara hiyo si ndogo. Kwa jamaa nyingi kondoo ni akiba ya nyumba: ndiye minervali ya kijana wa sekondari, ndiye dawa ya mgonjwa, ndiye sehemu ya mahari.

Adui mkubwa ni mnyoo mwembamba, mwenye urefu wa sentimeta 2 au 3, akaaye katika tumbo la nne la kondoo na kunyonya damu. Wataalamu humwita Haemonchus. Minyoo 5,000 waweza kunyonya robo lita ya damu kila siku, na jike mmoja hutaga mayai elfu kadhaa kwa siku. Mayai hutoka pamoja na mavi, huanguliwa malishoni, na penye joto na unyevu, baada ya yapata juma moja, watoto wa minyoo hupanda majanini kumngoja kondoo mwingine. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Je, majani yaweza kutusaidia? Ndiyo, kwa njia tatu.

Kwanza, majani mazuri ni chakula. Kondoo aliyelishwa vema hustahimili minyoo kuliko mwenye njaa. Kaliandra, mti mdogo uliopandwa kuzuia mmomonyoko wa udongo, huwa na protini nyingi: yapata sehemu moja kwa tano ya uzito wa majani yake makavu.

Pili, majani hayo yana tanini, kile kitu kikali kinachokausha ulimi. Tanini hushikamana na protini ili isiharibiwe yote na vijidudu vya tumbo la kwanza. Kisha, katika uchachu wa tumbo la nne, huiachilia iunenepeshe mwili. Tena hupunguza nguvu za minyoo.

Tatu, kuna mitishamba michungu kama mubirizi, ambao wazee wetu waliutumia tangu zamani. Mwaka 1987, huko Mahale nchini Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Michael Huffman na Mohamedi Seifu walimwona sokwe mgonjwa akimenya kijiti cha mubirizi na kufyonza maji yake machungu. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Lakini angalieni: sokwe huyo aliacha maganda na majani, kwa maana humo uchungu waweza kuwa sumu. Ikiwa mnyama wa porini ajua kipimo, je, sisi tumwage tu majani horini bila kufikiri?

Basi, shikeni kipimo. Kaliandra isizidi theluthi moja ya malisho ya siku. Tanini ikizidi, kondoo hukataa kula, na protini hutoka bure pamoja na mavi. Anzeni na kidogo, mkiongeza polepole kwa muda wa majuma mawili, ili vijidudu vya tumboni vizoee. Vivyo hivyo kwa lusina: ikilishwa kupita kiasi, sumu yake humnyonyoa kondoo manyoya na kumvimbisha tezi ya shingo.

Tena msiyaache macho yenu. Huko Afrika ya Kusini, daktari wa mifugo Francois Malan alibuni kadi ya rangi tano iitwayo FAMACHA. Vuta kope la chini la jicho la kondoo, utazame nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu, damu ipo. Ikiwa nyeupe, au ukiona uvimbe chini ya taya, usingoje majani: mwite mganga wa mifugo ampe dawa ya minyoo siku hiyo. Wala usiwanyweshe dawa kondoo wote bila sababu, kwa maana minyoo huizoea, na siku ya hatari dawa haitafaa.

Nanyi wanafunzi, hapa pana kazi njema kwenu. Twaeni wana-kondoo wanne wa umri mmoja na wa unene mmoja. Wawili wapewe kaliandra, wawili wale nyasi tu. Kila mwezi pimeni kifua cha kila mmoja kwa kamba, nyuma ya miguu ya mbele, mkaandike daftarini. Baada ya miezi mitatu mtajua shamba lenu lasema nini, wala hamtahitaji kusadiki maneno ya wauza mizizi sokoni.

Mchungaji mwema huwajua kondoo wake mmoja mmoja. Mwenyezi Mungu ametujalia majani. Ametujalia pia macho na akili. Tuvitumie vyote pamoja.